Je, Wajua? Mpaka wa Diski ni Baiti 64

Je, wajua kwamba diski yenyewe haina habari na C wala D? Ifungue ile ya kuzunguka, utakuta sahani za alumini au za kioo. Ifungue ya SSD, utakuta chipu. Hakuna mahali palipochongwa mpaka. Mpaka ni maandishi, na katika mtindo wa zamani wa MBR maandishi hayo yamo kwenye sekta ya kwanza kabisa, yenye baiti 512. Baiti 446 za mwanzo ni programu fupi ya kuiwasha kompyuta, 64 zinazofuata ni jedwali la patisheni, na mbili za mwisho ni alama ya 55 na AA inayothibitisha kwamba sekta ni halali. Aya hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko sekta hiyo nzima.

Je, wajua kwa nini patisheni za msingi ni nne na si tano? Kila moja imetengewa baiti 16 za kuandikia inapoanzia, ukubwa wake na aina yake. Gawa 64 kwa 16. Mtindo huu uliingia Machi 1983 pamoja na PC DOS 2.0, IBM ilipotoa kompyuta ya PC XT yenye diski ya MB 10. Kwa MB 10, ambazo leo hujazwa na picha chache za simu, hata patisheni ya pili ilikuwa anasa.

Haja ya zaidi ilikuja upesi. Mwaka 1987 DOS 3.3 ilileta patisheni ya nyongeza: mojawapo ya zile nne inageuzwa ganda, na ndani yake zinaundwa nyingine kwa mnyororo, kila moja ikionyesha inayofuata ilipo. Pete moja ikikatika, zilizo mbele yake hazionekani tena. Na kwa kuwa namba 1 hadi 4 zimewekewa zile za msingi, Linux huanza kuzihesabu za ndani kutoka 5 hata kama za msingi hazijajaa. Ukiona sda1, sda2, kisha sda5, usimtafute aliyeiba ya 3 na ya 4.

Je, wajua C ilikosaje kuwa A? A na B zilikuwa zimeshachukuliwa na disketi. Disketi zimekufa, herufi zao hazikurithiwa na mtu. Ukizitaka leo, diskpart, programu ya Windows ya kupanga diski, itakupa bila kinyongo: assign letter=A.

Je, wajua kuna diski ambazo nusu yake haifikiki kwa sababu ya jedwali tu? MBR huandika hesabu ya sekta kwa biti 32. Biti 32 zinafika 4,294,967,296, na sekta ikiwa ya baiti 512, hesabu inagota kwenye TB 2 na ushei. Nunua diski ya TB 4, iwekee MBR, na karibu nusu ya fedha yako imelala. Dawa ni mtindo mpya wa GPT. Ndani ya diskpart amri ni convert gpt, ila diskpart haikubali mpaka diski iwe tupu. Kwa diski inayowasha Windows na yenye vitu vyake ndani, kuna mbr2gpt, iliyokuja mwaka 2017 na toleo la 1703 la Windows 10. Hiyo hubadili jedwali na kuyaacha mafaili palepale. Baada yake lazima uingie kwenye mipangilio ya ubao mama uhamie UEFI, njia mpya ya kuwasha kompyuta, maana kompyuta ikiendelea kuwaka kwa njia ya zamani haitaiona Windows.

Je, wajua ile TB 1 iliyoandikwa kwenye boksi ikageuka GB 931 ulipoichomeka, haikupungua hata baiti? Mwenye kiwanda anahesabu kwa 1000, Windows kwa 1024. Gawa trilioni moja kwa 1,073,741,824 uone. Kwenye Linux unaweza kuona pande zote mbili kwa dakika moja: lsblk itasema 931.5G, parted itasema 1000GB, kuhusu diski ileile.

Je, wajua GPT huweka nakala yake yenyewe? Ilitoka kwa Intel mwishoni mwa miaka ya 1990, ikiwa sehemu ya EFI, mtangulizi wa UEFI. Kwa kawaida ina nafasi za patisheni 128, kila nafasi baiti 128, jumla baiti 16,384 badala ya zile 64. Jedwali moja liko mwanzo wa diski na la pili liko mwisho kabisa, na yote mawili yana namba ya uhakiki, kwa hiyo likiharibika moja programu kama gdisk inalijenga upya kutoka kwa jingine. Sekta ya kwanza nayo haikuachwa wazi. Imewekwa MBR ya bandia yenye patisheni moja ya aina EE inayojifanya imejaza diski yote, ili programu ya zamani isiyoijua GPT isije ikadhani diski ni tupu na kuanza kuipangia.

Na mzaha nao upo. Katika GPT kila aina ya patisheni hutambulishwa kwa namba ndefu ya baiti 16. Patisheni ndogo ambayo GRUB, programu ya kuwashia Linux, huitumia kwenye kompyuta za BIOS, yaani za njia ya zamani ya kuwaka, zenye diski ya GPT imepewa namba inayoanza na 21686148. Isome namba hiyo kama herufi, kwa mpangilio inavyolala kwenye diski, na utapata Hah!IdontNeedEFI, yaani mtu anacheka na kusema hana shida na EFI. Mzaha huo umo kwenye seva nyingi mno, na wengi wa wanaozitunza hawajawahi kuuona.

Je, wajua kwa nini Windows iliwahi kuwaomba watu ruhusa ya kufomati patisheni za Linux? Kwa miaka kadhaa programu za Linux zilikuwa zikiziandikia patisheni zake kwenye GPT namba ya aina ileile inayotumiwa na Microsoft kwa data ya kawaida. Windows ikiiona inadhani ni yake, ikijaribu kuisoma inakuta ext4, mfumo wa mafaili wa Linux isioujua, basi inauliza kwa adabu kama ungependa kuifomati. Mtumiaji mwenye haraka akabonyeza ndiyo. Rod Smith, mwandishi wa gdisk, ndiye aliyeitengenezea Linux namba yake yenyewe, 0FC63DAF na mkia wake.

Je, wajua fdisk ya Linux ni mpole kuliko sifa zake? Watu wanaiogopa kwa sababu haina picha, ina herufi moja moja tu: p inaonyesha jedwali, n inaunda patisheni, d inafuta, t inabadili aina, g inaweka GPT mpya, m inakuletea orodha ya msaada. Lakini yote hayo yanafanyika kwenye kumbukumbu. Unaweza kuifungua diski yenye kazi zako zote, ukafuta patisheni ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukaandika p ukatazama utupu uliouunda, kisha ukaandika q ukatoka, na diski haijaguswa. Kinachoandika ni w peke yake. Kwa anayejifunza sijui uwanja salama zaidi ya huo, mradi kidole kikae mbali na w.

Ndugu yake parted hana subira hiyo. Andika rm 2, bonyeza Enter, na jedwali limeshaandikwa upya. Q ya parted ni ya kuaga tu. Fundi aliyezoea fdisk akahamia parted bila kuambiwa tofauti hii atajifunza kwa diski ya mteja. Parted ina amri ya rescue ya kuitafuta patisheni iliyopotea kati ya pointi mbili unazozitaja, na nadhani waliiweka wakijua wazi itahitajika.

Na diskpart ya Windows? Hiyo haina hata neno la kuuliza. Unaandika list disk, unachagua kwa select disk 1, unaandika clean, na papo hapo inakujibu kwamba imefaulu. Ikiwa Windows inaendelea kufanya kazi, itakataa kuisafisha diski inayoiendesha. Ila mafundi wengi hutumia diskpart wakati wa kuweka Windows upya, kwa lile dirisha jeusi linalofunguka ukibonyeza Shift na F10, na pale hakuna diski inayolindwa. Kinga iliyopo ni nyota ndogo inayotokea mbele ya diski uliyoichagua. Rudia list disk, itazame nyota, linganisha ukubwa, ndipo uandike clean. Na usiichanganye na clean all, ambayo huandika sifuri kwenye kila sekta mpaka ya mwisho. Kwa diski kubwa ya kuzunguka hiyo ni kazi ya saa nyingi.

Je, wajua sda ya leo inaweza kuwa sdb ya kesho? Herufi hizo za Linux hugawiwa kadiri diski zinavyojitokeza wakati wa kuwasha, na wakati mwingine ya pili inatangulia. Kwa hiyo faili la /etc/fstab, linaloiambia Linux ifungue patisheni zipi, siku hizi hutaja UUID, namba ndefu iliyoandikwa ndani ya mfumo wa mafaili wenyewe, ambayo blkid itakuonyesha. Kabla ya amri yoyote ya kufuta mimi huandika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL. Jina linaweza kuhama. Namba iliyobandikwa kiwandani haihami.

Kwa haraka: sd ilitokana na diski za SCSI, na leo inabeba hata flashi. Diski ya NVMe huitwa nvme0n1, na patisheni yake ya kwanza ni nvme0n1p1, p ikiwekwa ili namba mbili zisigongane. Kadi za kumbukumbu vivyo hivyo: mmcblk0p1.

Je, wajua ile flashi ya GB 32 iliyobaki na MB chache haijafa? Kisa chake ni kimoja karibu kila mara: kuna mtu aliandika Linux juu yake kwa dd au programu inayofanana nayo. Taswira ya Linux huja na jedwali lake la patisheni, nalo limelifuta la zamani. Windows inakiona kipande kimoja kidogo inachokielewa, mengine inayaruka. Kuifomati kwa kubofya hakusaidii, maana unafomati kile kipande tu. Ingia diskpart, ichague, clean, create partition primary, format fs=exfat quick, assign. GB 32 zinarudi, au tuseme 29 na pointi, kwa hesabu ya 1024 tuliyoiona.

Lakini ipo flashi ambayo kweli haina kitu. Imeandikwa TB 2, inauzwa kwa bei ya kutia shaka, na ukiichomeka inakubali kila unachoiambia. Uongo wake uko chini ya jedwali, kwenye chipu inayoisimamia, ambayo imepangwa kutaja ukubwa isiokuwa nao. Ndiyo sababu fdisk itaiundia patisheni ya TB 2 na mkfs, amri ya Linux ya kufomati, itamaliza salama. Siku utakapopita kiwango chake halisi, mafaili mapya yataandikwa hewani. Kwenye Linux kuna kifurushi cha F3 chenye amri ya f3probe, kinachoandika na kusoma sehemu mbalimbali na kukutajia ukubwa wa kweli. Ijaribu ukiwa bado na risiti.

Je, wajua kufuta patisheni ya MBR ni kufuta baiti 16? Picha, hesabu za duka, tasnifu, vyote bado vimelala pale vilipokuwa. Kilichotoweka ni maelezo ya vilipo. Christophe Grenier wa Ufaransa aliandika TestDisk kwa ajili ya hali hiyo hasa. Programu hiyo hupita diski ikitafuta alama za mwanzo wa NTFS, FAT, ext4 na nyinginezo, kisha inakuundia jedwali upya. Sharti ni moja, usiandike kitu chochote juu ya diski hiyo kabla. Na jambo hilihili lina upande wake mchungu kwa anayeuza kompyuta ya mtumba: akifuta patisheni na kuamini amejisafisha, mnunuzi anaweza kusoma barua zake.

SSD hubadilisha mambo. Kwa kawaida mkfs.ext4 huanza kwa kuiambia SSD kwamba nafasi yote sasa ni huru, na SSD inaweza kuyatupa yaliyokuwamo mara moja. Kosa lililosameheka kwenye diski ya kuzunguka halisameheki hapo.

Kinga yenyewe ni nyepesi kuliko wengi wanavyodhani: sfdisk -d /dev/sda > jedwali.txt. Unapata faili la maandishi la mistari michache lenye mwanzo, ukubwa na aina ya kila patisheni. Kulirudisha ni kugeuza mshale: sfdisk /dev/sda < jedwali.txt. Lihifadhi kwenye diski nyingine, la sivyo litapotea pamoja na kile lilichokuwa likilinda. Halihifadhi mafaili yenyewe, kwa hiyo nakala rudufu za kazi zako bado zinadaiwa.

Je, wajua kupanua na kupunguza hufuata mpangilio uliogeuzwa? Ukipanua, anza na patisheni, umalize na mfumo wa mafaili uliomo. Ukipunguza, anza na mfumo wa mafaili, patisheni ifuate. Mwenye kugeuza mpangilio huu wakati wa kupunguza anakata mkia wa mafaili yaliyo hai. Ext4 inapanuka hata ikiwa inatumika. Kupungua inataka iondolewe kazini kwa umount na ikaguliwe kwa e2fsck -f kwanza. XFS, iliyozaliwa kampuni ya SGI na ambayo Red Hat Enterprise Linux imeifanya chaguo la kawaida tangu toleo la 7 la mwaka 2014, iliundwa ikue tu. Anayetaka XFS ndogo anahamisha mafaili, anaunda nyingine, anayarudisha.

Kwa wenye seva za kukodi mtandaoni kuna mtego mdogo wa nafasi tupu. Umelipia diski kubwa zaidi, lakini df bado inaonyesha ukubwa wa zamani. Amri ya kwanza ni growpart /dev/sda 1, yenye nafasi kabla ya 1. Ya pili ni resize2fs /dev/sda1, isiyo na nafasi. Ukizichanganya zitagoma tu, hakuna kinachoharibika.

Je, wajua ext4 hujiwekea asilimia 5 ya patisheni kwa ajili ya msimamizi wa mfumo? Ni akiba ya maana kwa patisheni ya mfumo, ili diski ikijaa msimamizi bado aweze kuingia na kurekebisha. Kwa diski ya TB 1 ya kuhifadhia video ni GB 50 zilizokaa bure. tune2fs -m 1 /dev/sdb1 inaishusha mpaka asilimia 1, na video zako hazitajua kilichotokea.

Je, wajua kwa nini patisheni za zamani zilianzia sekta ya 63 na za sasa ya 2048? Diski za zamani zilihesabiwa kwa duru, na duru moja haikuweza kuzidi sekta 63 kwa kuwa namba ya sekta ilipewa biti 6 na kuhesabiwa kuanzia 1. Windows XP iliendelea na desturi hiyo. Kisha watengenezaji wakahamia sekta halisi za baiti 4096, na 63 haigawanyiki kwa 8, hivyo kila kipande cha data kilikalia sekta mbili na diski ikafanya kazi maradufu wakati wa kuandika. Kuanzia Vista mwanzo ukahamia MB 1 kamili, ambayo ni sekta 2048. Parted itakukagulia kwa align-check optimal 1.

Je, wajua FDISK ya Windows 98 iliwahi kuwatia watu hofu ya bure? Ilihesabu megabaiti kwa namba ya biti 16, inayoishia 65,535. Diski ya GB 70 ikaonekana ya GB 6. Microsoft ikalazimika kutoa FDISK nyingine.

Je, wajua sekta ya kwanza ndiyo iliyolengwa na virusi vilivyotikisa dunia? Stoned, cha mwaka 1987 kutoka New Zealand, kilihamia humo. CIH cha Chen Ing-hau wa Taiwan kililipuka tarehe 26 Aprili 1999 kikajaza sifuri kwenye MB 1 ya mwanzo ya diski, jedwali likiwa la kwanza kuondoka. Tarehe 15 Agosti 2012 Shamoon kilifuta MBR na mafaili ndani ya Saudi Aramco, na kampuni ikataja kompyuta 30,000.

Cha tarehe 27 Juni 2017 kinastahili nafasi zaidi. NotPetya kiliingia kupitia M.E.Doc, programu ya uhasibu ya Ukraine, kikabadilisha programu ya kuwashia iliyo kwenye MBR, kikaizima na kuiwasha kompyuta, kisha kikaonyesha skrini ya chkdsk. Mtumiaji alidhani Windows inakagua diski. Kumbe orodha kuu ya mafaili ya NTFS ilikuwa inafungwa kwa ufunguo. Kampuni ya meli ya Maersk ilipoteza seva zake zote zinazotunza majina na ruhusa za watumiaji wa mtandao wake, kwa kuwa zilikuwa zikinakiliana. Zote isipokuwa moja, iliyokuwa Ghana. Umeme ulikuwa umekatika huko kabla kirusi hakijafika, na mashine ilikuwa imezimwa. Mtandao wa Ghana ulikuwa mwembamba mno kuituma data hiyo Uingereza, na wafanyakazi wa ofisi ile hawakuwa na viza. Basi mmoja akapanda ndege na diski mpaka Nigeria, akamkabidhi mwenzake uwanjani, na huyo akaruka nayo mpaka London. Mwenyekiti wa Maersk baadaye alieleza kwamba kampuni iliweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa siku kumi.

Je, wajua kikomo cha GB 32 cha FAT32 kwenye Windows hakikutokana na FAT32 yenyewe? Dave Plummer, aliyekuwa mhandisi wa Microsoft, amesema hadharani kwamba ni yeye aliyekichagua alipoandika dirisha la kufomati katika miaka ya 1990, akidhani dirisha lenyewe ni la muda. Likabaki. Agosti 2024 Microsoft ilitangaza toleo la majaribio la Windows 11 lenye kikomo cha TB 2, lakini kwa wanaoandika amri ya format tu. Dirisha la kubofya lilibaki na GB 32 zake. Watumiaji wa Linux hawakuwa na habari na mgogoro huo: mkfs.vfat -F 32 /dev/sdb1 ilikuwa ikifomati flashi za GB 64 za redio za magari miaka yote hiyo. Filamu ya GB 5 tu ndiyo bado haitaingia, kwa sababu faili la FAT32 ni lazima lipungue GB 4 kwa angalau baiti moja, na hicho ni kikomo cha FAT32 yenyewe.